Rais wa kwanza, mto mrefu, ziwa kubwa: mwanafunzi wa chemsha bongo afundishwe jibu lipi?

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, ambaye ni mlezi wa klabu ya chemsha bongo, ameniandikia hivi: "Timu yangu ya wanafunzi wanne inajiandaa kwa mashindano ya maarifa ya jumla baina ya shule. Tunatumia madaftari ya maswali na majibu tuliyoyarithi kwa waliotutangulia, pamoja na orodha tunazozipata mtandaoni, na kila tunapozilinganisha tunakuta majibu yanapingana. Katika shindano lililopita mwanafunzi wangu aliulizwa rais wa kwanza wa Uganda ni nani. Alijibu Mutesa, mwamuzi akasema ni Obote, nasi tukapoteza pointi. Je, niwafundishe jibu la kweli, au lile ambalo mwamuzi huenda analo kwenye karatasi yake?"

Mwalimu, mwanafunzi wako alijibu sawasawa. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1963, Kabaka wa Buganda, Edward Mutesa II, akawa rais wake wa kwanza. Milton Obote ndiye aliyekuwa waziri mkuu katika kipindi hicho, naye ndiye aliyeshika hatamu za serikali, kisha mwaka 1966 akamwondoa Mutesa na kujitwalia urais. Aliyetunga swali lile bila shaka alikuwa na Obote kichwani kwa sababu Obote ndiye aliyekuwa akiendesha nchi, lakini kwenye karatasi akaandika "rais", na neno hilo moja likabadilisha jibu.

Wafundishe jibu la kweli. Ila usiwafundishe jibu likiwa peke yake, kwa kuwa chanzo cha mapingano unayoyakuta katika madaftari yenu mara nyingi si kwamba mmoja anasema kweli na mwingine anasema uongo. Kila mmoja ameandika jibu la swali lake, kisha wote wawili wakaacha kuandika jambo ambalo swali lilipaswa kulitaja: kinachopimwa ni nini, hali hiyo ni ya mwaka gani, na mpaka wa kinachoulizwa uko wapi. Mwanafunzi aliyekariri neno moja la jibu hushindwa mara tu mtunzi mwingine anapobadilisha neno moja la swali, lakini aliyejifunza jibu pamoja na kipimo chake, mwaka wake na mpaka wake huweza kujibu maswali matatu au manne kwa maarifa yaleyale.

Chukua swali ambalo sijawahi kuona daftari la Tanzania lisilokuwa nalo: "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" Jibu linaloandikwa ni 1961, na mwanafunzi akijibu hivyo hupewa pointi. Lakini tarehe 9 Desemba 1961 nchi iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa chini ya Sultani, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na hata jina la Tanzania lenyewe lilianza kutumika mwezi Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo Tanzania, kwa maana ya jamhuri iliyopo leo, haikuwahi kuwa koloni na haikuwa na siku ya kupata uhuru. Mwanafunzi anayezijua tarehe hizo tano kwa mpangilio wake hatababaishwa na swali la uhuru, wala la Mapinduzi, wala la Muungano, na akiulizwa swali lililotungwa ovyo atajua kwamba mtunzi alimaanisha Tanganyika, atajibu 1961 na kuendelea. Huko si kumdanganya mwamuzi. Ni kuelewa swali lililokusudiwa nyuma ya swali lililoandikwa, na ni ustadi unaohitaji maarifa mengi zaidi kuliko kukariri.

Historia hiyohiyo ina mtego mwingine ambao watunzi wazuri huupenda sana. Waziri mkuu wa kwanza wa Tanganyika alikuwa Julius Nyerere, aliyejiuzulu Januari 1962 na nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Kawawa. Nyerere akarudi kama rais tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Lakini waziri mkuu wa kwanza wa Tanzania ni Kawawa, aliyeshika cheo hicho mwaka 1972. Badilisha jina la nchi tu, na jibu linahama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kenya nayo ina mfano wake: nchi ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 Jomo Kenyatta akiwa waziri mkuu, na ilikuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, siku ambayo ndipo Kenyatta alipokuwa rais. Mwanafunzi anayejibu kwamba Kenyatta alikuwa rais siku ya uhuru amekosea kwa mwaka mzima.

Nikihama kwenye historia na kwenda kwenye jiografia, tatizo kubwa ni kipimo. Maneno "mkubwa", "mrefu" na "wa kwanza" hayana maana yoyote mpaka useme unapima nini. Mto Nile hutajwa kuwa mrefu kuliko yote duniani, kwa urefu wa kilomita 6,650 hivi, na Amazon huwekwa wa pili kwa kilomita 6,400 hivi. Hata hivyo mwaka 2007 watafiti wa Brazil walitangaza kwamba kwa kipimo chao Amazon ndio mrefu zaidi. Ubishi huu hauishi kwa sababu urefu wa mto hutegemea unakubali kijito kipi kuwa ndicho chanzo chake. Ukianza kupima Nile pale unapotoka Ziwa Victoria, huko Jinja, utapata urefu mmoja. Ukifuata Kagera hadi vijito vyake vilivyoko Burundi na Rwanda, utapata mwingine. Ukiwa mwalimu wa chemsha bongo, waambie wanafunzi kwamba swali la "mto mrefu" hujibiwa Nile, na kwamba swali la "mto unaomwaga maji mengi zaidi baharini" hujibiwa Amazon bila ubishi wowote. Wakumbushe pia kwamba Kongo ni wa pili kwa wingi wa maji, ndio wenye kina kirefu kuliko mito yote, zaidi ya mita 220 mahali fulani, na hukatiza mstari wa ikweta mara mbili.

Maziwa ndiyo yanayowaangusha wanafunzi wetu mara nyingi, na inasikitisha kwa kuwa ni maziwa ya nyumbani. Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na kwa eneo ndilo kubwa kuliko yote Afrika na la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi, likitanguliwa na Superior la Amerika ya Kaskazini. Maneno "maji baridi" hapo si pambo. Ukiyaondoa, Bahari ya Kaspi, ambayo kwa maumbile ni ziwa la maji ya chumvi, inaingia na kuyapita yote, na Victoria linashuka hadi nafasi ya tatu. Lakini Victoria ni ziwa la kina kifupi, mita 80 na kidogo tu mahali palipo na kina kuliko pote. Ukipima kina, au ukipima kiasi cha maji, Tanganyika linaliacha mbali sana: kina chake hufika mita 1,470, na miongoni mwa maziwa ya maji baridi linashika nafasi ya pili duniani nyuma ya Baikal la Urusi katika vipimo vyote viwili. Zaidi ya hapo, Tanganyika ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani. Kwa hiyo akiulizwa "ziwa kubwa Afrika", mwanafunzi anatakiwa ajiulize haraka: kwa eneo, kwa kina, au kwa wingi wa maji?

Milima haihitaji maelezo marefu. Kilimanjaro, mita 5,895 kwa takwimu inayotumika tangu 1952, ni mrefu kuliko yote Afrika. Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, ni mrefu kuliko yote duniani ikiwa unapima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka kitako cha mlima chini ya bahari, Mauna Kea wa Hawaii unazidi mita 10,000. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, kilele kilicho mbali zaidi ni cha Chimborazo, nchini Ecuador, kwa sababu dunia imetuna kwenye ikweta.

Baada ya kipimo kuna mwaka, na hapa ndipo madaftari ya kurithi yanapodhuru kuliko yanavyosaidia. Daftari lililoandikwa kabla ya 2011 litakwambia kwamba Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika. Tangu Sudan Kusini ilipojitenga tarehe 9 Julai 2011, nchi hiyo ni Aljeria. Litakwambia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama watano, ilhali Sudan Kusini iliingia 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, nao sasa ni wanane. Litakwambia mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, wakati tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega na Bujumbura imebaki kuwa mji wa kibiashara. Litaiita Eswatini kwa jina lake la zamani, lililobadilishwa 2018. Mikoa ya Tanzania itakuwa 30 kwa daftari la kuanzia 2012 na 31 baada ya Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Sayari za jua zitakuwa tisa kwa daftari la kabla ya Agosti 2006, mwezi ambao wanaanga waliokutana Prague waliiondoa Pluto katika kundi la sayari kamili. Idadi ya miezi ya Zohali ndiyo mbaya kuliko zote, maana mwaka 2025 ilirukia 274 baada ya miezi mipya 128 kutambuliwa kwa mkupuo, na daftari lolote la miaka iliyotangulia limepitwa.

Idadi ya nchi za Afrika ni swali la mwaka na la mpaka kwa wakati mmoja. Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka Afrika, ambao Sudan Kusini ndiyo ya mwisho kujiunga miongoni mwao. Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa kuwa unaitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Sahrawi, yaani Sahara Magharibi. Anayejibu 54 na anayejibu 55 wote wanaweza kuwa sahihi, na mtunzi asiyetaja umoja anaousemea ndiye mwenye kosa.

Nimeacha makusudi maswali ya "wa kwanza" hadi hapa, kwa sababu ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote na ndiyo yanayotungwa ovyo kuliko yote. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Mtunzi akiacha maneno "ya Amani", jibu si Maathai tena, kwa sababu Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alikwisha kupata Nobel ya fasihi mwaka 1991. Na ikiwa swali linasema "mzaliwa wa Afrika" badala ya raia wa nchi ya Afrika, basi Dorothy Hodgkin, mwanakemia Mwingereza aliyezaliwa Cairo, anawatangulia wote wawili kwa tuzo yake ya kemia ya 1964. Kwa wanaume hali ni hiyohiyo: Albert Luthuli ndiye Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Amani, ile ya mwaka 1960, lakini Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, alipata tuzo ya tiba mwaka 1951 kwa kazi yake juu ya chanjo ya homa ya manjano. Ghana nayo haikuwa nchi ya kwanza Afrika kupata uhuru, kama orodha nyingi zinavyosema. Liberia ilijitangazia uhuru 1847, na Libya, Sudan, Morocco na Tunisia zote ziliitangulia Ghana, iliyopata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Ghana inabaki na heshima yake kubwa ikiwa swali litasema koloni la Uingereza kusini mwa Sahara lililojitawala chini ya Waafrika walio wengi.

Unaweza kuhofu kwamba maelezo yote haya yatamchelewesha mwanafunzi kubonyeza kitufe. Nimeona kinyume chake katika mashindano ambayo maswali yake husomwa kwa vidokezo vinavyoanza na kigumu na kumalizikia na chepesi, mtindo unaotumika pia katika duru ya vitendawili ya mashindano maarufu ya sayansi na hisabati ya shule za sekondari za Ghana, yaliyoanza 1993, ambapo anayejibu kwenye kidokezo cha kwanza hupata pointi tano, cha pili nne, na baada ya hapo tatu. Hebu fikiria swali hili likisomwa mbele ya timu yako:

"Maji ya ziwa hili hutoka kwa njia moja tu, mto Lukuga. Meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 iliibuliwa, ikatengenezwa na kuanza tena safari humo mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ni la pili duniani kwa kina. Hifadhi ya Gombe iko ufukweni mwake. Taja ziwa hili, ambalo Kigoma na Bujumbura ziko kando yake."

Mwanafunzi aliyekariri "Victoria ni la pili duniani" atabonyeza msomaji anapofika kwenye neno "duniani", kabla hajasikia "kwa kina", na timu itapoteza pointi kwa jambo ambalo analijua vizuri kabisa. Mwanafunzi aliyezoea kusubiri kipimo atavumilia maneno mawili tu zaidi. Na yule aliyejifunza Tanganyika kama ziwa lenye mto unaotoka, meli, hifadhi na miji, badala ya kulijua kama jibu la swali moja, atakuwa amebonyeza kwenye Lukuga, wakati wapinzani wake bado wanajiuliza ni bara gani linalozungumzwa. Wafanyishe mazoezi ya namna hiyo: soma swali polepole, simama katikati, waulize wanafunzi ni majibu gani bado yanawezekana na ni neno gani wanalolisubiri.

Kuhusu karatasi ya mwamuzi, usiingie ukumbini bila kusoma kanuni. Waulize waandaaji mapema ni chanzo gani kinachoamua ubishi ukitokea, pingamizi hupokelewa lini na nani anaruhusiwa kulitoa; katika mashindano mengi ni nahodha peke yake, tena kabla swali linalofuata halijasomwa. Pingamizi liwe fupi na la adabu, na liseme tofauti badala ya kusema "mmekosea". Kwa mfano: "Mheshimiwa mwamuzi, swali limetaja mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Nobel bila kusema ya Amani, tunaomba jibu letu la Gordimer, 1991, lihakikiwe." Mwamuzi anayepewa jina, mwaka na neno lililokosekana ana kitu cha kuhakiki, anayepewa malalamiko tu hana. Mwamuzi akikataa, nahodha akae na swali linalofuata lisikilizwe na watu wanne, wala si watatu pamoja na mmoja anayenung'unika. Barua kwa waandaaji utaiandika wewe baada ya shindano.

Daftari lenu lirekebishwe kabla ya msimu mwingine, na kazi hiyo waachie wanafunzi wenyewe, kila mmoja akishika eneo lake. Ukurasa mmoja uwe wa jambo moja, si wa swali moja. Juu liandikwe jina la jambo, chini yake vipimo vyake vyote, na kando ya kila takwimu inayoweza kubadilika, mwaka ambao mmeihakiki. Mambo yasiyobadilika, kama mifupa 206 ya mtu mzima, hayahitaji mwaka, lakini yanahitaji mpaka: mtoto mchanga ana mifupa mingi zaidi, kwa kuwa mingine huungana anapokua. Kuchemka kwa maji kwenye nyuzi 100 kunahitaji maneno "katika usawa wa bahari", kwa sababu Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yaliyo uongo mtupu, kama vile kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini, yafutwe kabisa.

Anzeni na ukurasa wa mbio za marathoni, kwa kuwa vijana wanaupenda na una kila kitu nilichokieleza. Eliud Kipchoge alikimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akawa mtu wa kwanza kumaliza umbali wa marathoni chini ya saa mbili, lakini muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na alisaidiwa na makundi ya waongoza mbio waliokuwa wakipokezana. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, na muda huo ukaidhinishwa kuwa rekodi. Mpe mwanafunzi mistari hiyo miwili, mwambie atunge maswali matatu ambayo jibu lake ni Kipchoge na matatu ambayo jibu lake ni Kiptum, kisha wenzake wayakague neno kwa neno.